Parklands kwa Jicho la Tarime: Historia ya Hospitali ya M.P. Shah na Huduma Zake

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu, ambamo kurasa nyingi zimetengwa kwa ajili ya hekalu na wale waliolijenga kwa jasho na mali zao, imeonekana vema itengwe pia nafasi kwa ajili ya jengo la aina nyingine. Jengo hilo halina mnara wala kengele ya alfajiri, lakini lilijengwa kwa michango ya watu wa aina ileile, na kwa msukumo uleule ambao kwa Kigujarati huitwa seva, yaani utumishi usiotazamia malipo. Tunazungumzia Hospitali ya M.P. Shah, iliyopo Barabara ya Shivachi, katika mtaa wa Parklands, jijini Nairobi.

Msomaji wa Dar es Salaam huenda akashangaa kwamba kitabu kinachosomwa mkoani Mara kinahangaikia hospitali iliyo nchi ya jirani, ilhali Dar es Salaam kwenyewe ipo Hospitali ya Shree Hindu Mandal, ipo ya Aga Khan, na zipo nyingine zenye sifa. Jibu la swali hilo limo kwenye ramani. Kutoka Tarime mjini hadi mpakani Sirari ni mwendo usiozidi nusu saa kwa gari. Ukishavuka na kuingia Isebania, lami inakupeleka Migori, Kisii, kisha bara hadi Nairobi, na safari yote haifiki kilomita 450. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka au figo zake zimegoma, tofauti hiyo ni siku nzima ya barabara. Tena Wakuria wa Tarime na Serengeti wana ndugu zao Kehancha na Isebania, wenye koo zilezile na majina yaleyale, na Wajaluo wa Rorya wana ndugu zao Migori na Kisumu. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza uliwagawa watu hao katika nchi mbili, lakini haukuwazuia kuuguliana.

Ni haki kuanza na yale yaliyokuwapo nyumbani. Wilaya ya zamani ya Mara Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Tarime na ambayo ndani yake ilikuwamo Rorya ya leo, ilipata tiba ya kisasa kwa kiasi kikubwa kupitia wamisionari wa Kimenonaiti kutoka Marekani, waliofika Shirati mwaka 1934. Kutokana na kazi yao ilikua Hospitali ya Shirati, na baadaye Wamenonaiti hao walikuja kuhudumu Mugumu pia, katika hospitali ambayo leo inabeba jina la Mwalimu Nyerere na kutumikia Wilaya ya Serengeti. Wafanyabiashara wa Kihindi wenye maduka Tarime na Musoma walitibiwa huko pamoja na majirani zao wote. Maradhi yaliyozidi uwezo wa wilaya yaliwalazimu kusafiri, na mwenye duka, kama ilivyokuwa kwa mwenye ng'ombe, alikwenda kwanza alikokuwa na ndugu.

Desturi ya Mhindi wa Afrika Mashariki kujenga hospitali ilianza mapema sana. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyezaliwa mwaka 1851 na kupata utajiri wake kwa kuandaa misafara ya bara kutoka Bagamoyo, alipofariki mwaka 1897 aliacha mali yake iendeleze huduma kwa wagonjwa na masikini. Hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam iliwatibu Waafrika na Wahindi kwa miongo mingi, hadi hospitali mpya ya Muhimbili ilipojengwa katika miaka ya 1950. Hata leo anayelazwa Muhimbili huweza kuelekezwa jengo la Sewahaji, na pengine asijue kwamba hilo ni jina la mtu. Ni sadfa ya kupendeza kwamba jina la mfadhili huyo linasikika karibu sawa na lile neno letu la utumishi.

Nairobi ya kikoloni ilikuwa mji wa mafungu. Mzungu alikuwa na hospitali yake, Mwafrika yake, na Mhindi alibaki katikati akitafuta pa kuingia. Hospitali ya wenyeji ilianzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Baadaye ikaitwa King George VI, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1954 ilifunguliwa European Hospital, ambayo ndiyo Nairobi Hospital ya sasa, na jina lake la kwanza linatosha kueleza ilikusudiwa nani. Watoto wa Kizungu walikuwa tayari wana hospitali yao ya Gertrude's Garden tangu mwaka 1947. Ubaguzi huo ulitokana na sera ya serikali, na bajeti ilifuata sera hiyo: fedha za umma zilimjali mgonjwa kulingana na rangi yake. Kwa hiyo jumuiya za Kihindi zilijifunza kujitegemea kwa shule, kwa kumbi, kwa mahali pa kuchomea maiti, na hatimaye kwa hospitali. Anayedhani kwamba taasisi hizi zilizaliwa kwa kupenda kujitenga asome kwanza historia ya bajeti za kikoloni.

Chombo kilichobeba wazo la hospitali hiyo ni Social Service League, jumuiya ya hisani ya watu waliojitolea kuwahudumia wahitaji jijini Nairobi. Hadi leo League ndiyo mmiliki wa hospitali. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa neno “hospitali binafsi” humfanya mtu wa kawaida afikirie tajiri mmoja anayehesabu faida jioni. M.P. Shah haina wanahisa wa kugawana gawio. Kinachobaki baada ya mishahara, dawa na mitambo hurudi katika hospitali yenyewe na katika kazi za hisani za League. Kama kiasi hicho kinatosha, na kama kinawafikia wanaostahili, ni swali halali, nasi tutalirudia mbele.

Jina la hospitali limetokana na Meghji Pethraj Shah. Alizaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Dabasang, karibu na Jamnagar, eneo la Halar huko Saurashtra. Alikuwa wa jamii ya Oshwal, ambayo mizizi yake Halar imo katika vijiji 52 vinavyotajwa hadi leo kila wazee wa jamii hiyo wanapokutana. Ardhi ile ni kavu, na mvua zilipokosekana kilimo hakikulisha nyumba. Vijana wakapanda majahazi na meli kuja Mombasa. Meghji alikuja Kenya mwaka 1919, akiwa bado kijana wa miaka 15 hivi, akaanza kwa kazi ya kuajiriwa, kisha akaingia katika biashara pamoja na ndugu zake. Katika miongo iliyofuata familia za Oshwal zilitoka kwenye duka dogo la rejareja na kuingia katika viwanda, kikiwamo kile cha kukamua dawa ya kulainishia ngozi kutoka magome ya miti ya miwati katika nyanda za Thika na Limuru.

Wapo matajiri wengi ambao historia haikuwakumbuka. Huyu amekumbukwa kwa sababu aliacha kukusanya akiwa bado na nguvu, akatumia sehemu iliyobaki ya maisha yake kutoa. Chuo cha udaktari cha Jamnagar, kilichoanzishwa mwaka 1955, kina jina lake, na hospitali ya Parklands ilifuata miaka mitatu baadaye. Alifariki London mwaka 1964. Kwa wanaopenda kuhesabu nani ni wa dini gani, Oshwal wa Halar ni Wajaini. Lakini katika Afrika Mashariki Wajaini na Wahindu wamekula sikukuu pamoja na kuchangia pamoja kwa muda mrefu mno hata hesabu hiyo haina faida, na hospitali yenyewe haimuulizi mgonjwa anasali wapi.

Hospitali ilifunguliwa mwaka 1958. Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na uhuru ulikuwa miaka mitano mbele. Mwaka huohuo, mtaa huohuo wa Parklands, ilifunguliwa Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi, baada ya kifo cha Aga Khan wa Tatu aliyeiasisi. Hospitali mbili kubwa katika mtaa mmoja ndani ya mwaka mmoja, zote zikiwa kazi ya jumuiya za watu waliotoka Gujarat na Kutch: hilo linaeleza kiu iliyokuwapo kuliko takwimu yoyote.

Mwaka 1958 una maana nyingine kwa watu wa Mara, ingawa ni wachache wanaoifahamu. Ndio mwaka ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Baada ya safari ndefu ya gari aliyoifanya mwaka 1961 na wenzake wawili kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ilidhihirika kwamba saratani hiyo hufuata maeneo yenye joto, mvua na malaria nyingi. Mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa kwa kina ni Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa huko walipewa klorokwini kwa mpango maalumu ili ionekane kama kuzuia malaria kungepunguza saratani hiyo. Idadi ya wagonjwa ilishuka sana, ijapokuwa ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya mpango, na vimelea vikaanza kuizoea dawa, kwa hiyo wataalamu hawakuweza kutoa hukumu ya mwisho. Tunalitaja hili kwa makusudi. Watoto wa Tarime wameufundisha ulimwengu wa tiba jambo kubwa kuhusu saratani, lakini kwa miaka mingi iliyofuata mtu mzima wa Tarime aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, au kuvuka mpaka.

Baada ya uhuru njia za nchi mbili ziliachana, na mwachano huo ndio uliopanua pengo kati ya Parklands na Musoma. Tanzania ilichagua Ujamaa. Azimio la Arusha lilikuja mwaka 1967. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na familia nyingi za Kihindi zilifungasha. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ikayafunga maduka ya watu binafsi vijijini. Kisha sheria ya mwaka 1977 ya kudhibiti hospitali binafsi ikapiga marufuku tiba ya kibiashara, ikabakiza mashirika yaliyoidhinishwa, kama vile ya dini na ya hisani. Zuio hilo lilikuja kulegezwa mwaka 1991. Si kazi ya makala haya kuilaani siasa ile. Ilijenga zahanati katika vijiji ambavyo hakuna mfanyabiashara angevitazama, na mtoto wa Mugumu alichanjwa kwa sababu ya siasa hiyo. Ila ni kweli pia kwamba kwa miaka kumi na zaidi hapakuwa na nafasi ya hospitali kubwa ya binafsi kukua kanda ya ziwa, na Bugando yenyewe, iliyojengwa Mwanza na Maaskofu Wakatoliki na kufunguliwa mwaka 1971, ilitwaliwa na serikali muda mfupi baadaye, ikarudishwa kwa Maaskofu mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja.

Kenya iliacha soko wazi, lakini nako Wahindi hawakusalimika na misukosuko. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwatisha wasiokuwa na uraia, na maelfu walikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa kwa sheria ya mwaka 1968. Jumuiya iliyoijenga hospitali ilipungua, wakati mji wenyewe ulizidi kuongezeka. Kwa hiyo ili iendelee kuishi, hospitali ilibidi iwe ya Nairobi yote, na ndivyo ilivyokuwa. Leo anayeketi kwenye viti vya kusubiria ataona Wakikuyu, Wasomali, Wajaluo, Wahindi, wageni wa mabalozi, na pembeni kabisa pengine mzee wa Kikuria mwenye fimbo yake.

Siku mbili katika historia yake zinastahili kuandikwa. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu 213, hospitali zote za jiji zilifurika majeruhi, na M.P. Shah ilikuwa miongoni mwao. Asubuhi hiyohiyo Dar es Salaam nayo ilipigwa, wakafa watu 11. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Westlands, mwendo mfupi tu kutoka Barabara ya Shivachi. Waliouawa walikuwa 67, na majeruhi wengi walikimbizwa M.P. Shah na Aga Khan. Watu wa jiji walipanga foleni kutoa damu, na wenye mikahawa na mahekalu walileta chakula kwa waliokuwa wakisubiri habari za ndugu zao. Walioshuhudia foleni zile wanasema hapakuwa na mafungu.

Sasa tuje kwenye huduma, kwani msomaji wa Tarime na Mugumu anataka hasa kujua kuna nini huko. Hospitali ina idara ya dharura inayofanya kazi mchana na usiku, chumba cha wagonjwa mahututi, wodi za wazazi na watoto, vyumba vya upasuaji, maabara, na vipimo vya picha vya CT scan na MRI. Wapo madaktari bingwa wa moyo, na kuna chumba maalumu ambamo mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa hadi kwenye moyo ili kuona palipoziba na, inapowezekana, kupazibua bila kupasua kifua. Kuna mashine za kusafisha damu kwa wenye maradhi ya figo, na upandikizaji wa figo hufanyika hapo. Kuna kituo cha saratani chenye dawa na mionzi.

Orodha hiyo inavutia, na hapo ndipo mtu anapaswa kutulia. Usafishaji wa damu hauishi. Mwenye figo zilizokufa huhitaji kusafishwa mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote, isipokuwa apate figo nyingine. Ni kosa kubwa kwa familia ya Tarime kuuza ng'ombe wote mnadani ili kulipia mwezi mmoja wa Parklands, kisha mwezi wa pili wasiwe na kitu cha kuuza. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, hospitali ya kutwa na kucha ni ile iliyo karibu na ambayo bima inailipia. Nairobi inafaa zaidi kwa jambo lenye mwanzo na mwisho: upasuaji mmoja, kipimo kimoja kisichopatikana, au maoni ya pili ya bingwa. Na hata kwa saratani, Bugando sasa ina idara yenye mionzi, na Mwanza ni karibu kuliko Nairobi. Musoma nako, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa hata ukawa kama methali ya ahadi za serikali, hatimaye imefunguliwa na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Ni busara kubisha hodi huko kwanza.

Hapa ndipo lile swali la hisani linaporudi. Hospitali iliyozaliwa kwa sababu milango mingine ilifungwa kwa rangi inaweza, bila kukusudia, kufunga mlango wake kwa bei. Mitambo ya mionzi hununuliwa kwa dola, madaktari bingwa wanagombewa na hospitali zote za jiji, na umeme hausamehi. Hakuna anayeweza kuendesha hospitali ya namna hiyo kwa bei ya zahanati. Pamoja na hayo, jina la Meghji liliwekwa mlangoni kwa ajili ya utoaji wake, na sisi tunaojivunia urithi huo tuna haki ya kuulizana, kwa adabu, ni wagonjwa wangapi wasio na uwezo wanaopita mlangoni hapo kila mwaka. Suala hili haliko Nairobi pekee. Machi 2024 hospitali kubwa za binafsi nchini Tanzania zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa madai kwamba bei mpya za Mfuko hazilipi gharama. Kwa siku chache watu wenye kadi mkononi hawakujua waende wapi. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba pande zote mbili zilikuwa na hesabu zao, na kwamba mgonjwa ndiye pekee ambaye hakuwa mezani.

Jumuiya za Kihindi za Afrika Mashariki zimekuwa na njia nyingine ya kupunguza ugumu huo, nayo ni kambi ya matibabu: madaktari hufunga safari, hukaa siku mbili au tatu shuleni au katika ukumbi, huwapima watu macho na meno, huwatoa mtoto wa jicho wazee waliokwisha kuzoea giza, kisha hurudi. Wataalamu wengine huzibeza kambi hizi kwa kuwa hazidumu. Lakini bibi wa Nyamongo aliyemwona mjukuu wake tena hajali kama kambi ilidumu siku mbili. Uhusiano wa kudumu kati ya kamati ya hekalu letu na taasisi kama League ungeweza kuzileta kambi hizo Tarime na Mugumu kwa ratiba inayojulikana, badala ya kusubiri huruma ya msimu.

Kwa wale ambao safari haiepukiki, yapo mambo machache ya kuzingatia. Kenya na Tanzania zimo katika Jumuiya moja, lakini Mtanzania hatumii kitambulisho cha taifa peke yake kuvuka, bali pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na mgonjwa na msindikizaji kila mmoja awe na yake. Kadi ya bima ya nyumbani isitegemewe ng'ambo, na ni vema kuomba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kuondoka, kwa kuwa hospitali kubwa hudai amana kabla ya kumlaza mgonjwa. Barua ya rufaa kutoka kwa daktari wa Tarime au Mugumu, majibu ya maabara na picha zote zilizokwisha kupigwa Bugando zibebwe, maana kurudia kipimo kilichokwisha kufanyika ni kulipa mara mbili. Na mgonjwa asiye wa dharura aanze safari asubuhi, ili avuke Sirari mapema na kuimaliza barabara ya Kisii hadi Narok kungali mchana.